Kutoka Arezzo hadi Mbagala: Mwaka Mmoja wa Do, Re, Mi



Mwanzoni mwa Januari mwaka jana, nikiwa nimealikwa na jumuiya moja ya upande wa Charambe, niliuliza swali nililodhani ni la kupitisha muda wakati tukisubiri chai. Niliomba kila mmoja ataje lengo moja la mwaka, ila lisiwe lengo la kununa. Nilikuwa nimechoshwa na malengo ya kununa. Kila mwaka tunaahidi kusali zaidi, kufunga zaidi, kuacha hiki na kile. Na ifikapo Jumatano ya Majivu tumekwisha kushindwa, nasi tunaona haya hata kuyataja mbele ya Mungu. Nikasema safari hii tutafute malengo yenye mchezo ndani yake, kama mtoto anayejiwekea nadhiri ya kuruka kamba mara mia bila kuigusa.

Kijana mmoja akasema atajifunza kupiga kayamba hadi mkono uache kumuuma. Mwalimu mstaafu akasema atachora Njia ya Msalaba, vituo vyote 14, kwa kalamu ya risasi. Ndipo bibi mmoja, aliyekuwa amekaa mkekani karibu na mlango, akasema: "Mimi, Baba Paroko, lengo langu ni kuimba kanisani. Zamani tulikuwa tunaimba. Siku hizi tunaimbiwa."

Watu wakacheka. Nami nilicheka, kwa kuwa ndivyo anavyofanya paroko anapochomwa mbele za watu. Lakini njia nzima ya kurudi nyumbani neno lile lilinikaa kooni kama mwiba wa samaki. Bibi alikuwa amesema kweli. Tunazo kwaya nzuri, zenye sare nzuri na nyimbo mpya karibu kila Dominika. Na mbele yake wapo mamia ya waamini waliofumba midomo. Na kuna jambo ambalo bibi hakulijua: mtu wa kwanza miongoni mwa waliofumba midomo alikuwa mimi mwenyewe. Seminarini nilipita darasa la muziki kama mtu anayepita uani kwa jirani mwenye mbwa. Kwa miaka mingi ya upadre wangu sikuwahi kuiimba Mbiu ya Pasaka. Ama niliisoma, ama nilimtafuta mtu mwenye sauti aniimbie.

Tukakubaliana, basi, malengo mawili ya mwaka. Parokia nzima ijifunze nyimbo 12, mmoja kwa kila mwezi, kwa kuzisoma nota na si kwa kukariri tu. Na paroko aimbe Mbiu ya Pasaka mwenyewe, mwanzo hadi mwisho. Mwalimu mmoja wa kwaya, mtu ninayemheshimu sana, alinijia ofisini akiwa hana furaha. "Baba Paroko," akasema, "mwaka mmoja haumtoshi mtu mzima kujua kusoma nota. Sisi tumehangaika miaka." Sikuwa na jibu. Nilikwenda kulitafuta vitabuni, nikakuta kwamba ubishi huu wetu una umri wa karibu miaka elfu moja, na kwamba aliyeuanzisha alikuwa mtawa aliyefukuzwa na wenzake.

Jina lake ni Guido, tunayemwita Guido wa Arezzo, mmonaki Mbenediktini aliyezaliwa miaka ya 990. Aliishi katika monasteri ya Pomposa, kaskazini mwa Italia. Wakati ule waimbaji walijifunza nyimbo za Kanisa kwa kusikia. Kijana alimsikiliza mwalimu, akarudia, akasahau, akarudia tena. Vitabu vilikuwepo, lakini alama zilizoandikwa juu ya maneno zilimkumbusha tu mtu wimbo aliokwisha kuujua. Hazikuweza kumfundisha wimbo ambao hajawahi kuusikia. Guido aliona vijana wakimaliza miaka kumi hivyo, na baada ya miaka hiyo kumi bado wasiweze kuimba antifona moja ngeni bila mwalimu. Muda wa kusoma Maandiko Matakatifu ulikuwa unaliwa na muda wa kukariri.

Akafanya mambo mawili. Kwanza alichora mistari, akaipa rangi, ili kila sauti iwe na ngazi yake na jicho lione mahali pa kupanda na pa kushuka. Pili akachukua utenzi wa Kilatini wa Mtakatifu Yohane Mbatizaji, ule ambao kwa mapokeo unahesabiwa kuwa kazi ya Paulo Shemasi wa karne ya 8, na ambao Kanisa huuimba tarehe 24 Juni. Katika tuni aliyoitumia Guido, kila kipande cha ubeti wa kwanza huanza ngazi moja juu ya kilichotangulia. Akachukua silabi ya kwanza ya kila kipande: ut, re, mi, fa, sol, la. Ut ilikuja baadaye kuitwa do, kwa kuwa ni rahisi zaidi kuitamka ukiimba. Na si ikaongezwa, kutokana na herufi za mwanzo za jina la Mtakatifu Yohane kwa Kilatini. Kwa hiyo kila mara mwanakwaya wa Rangi Tatu anapopasha sauti kwa do-re-mi, anakariri, bila kujua, vipande vya sala ya kumwomba Yohane Mbatizaji azifungue midomo ya waimbaji. Mimi niliposoma hayo nilifunga kitabu nikakaa kimya kwa muda.

Guido alidai kwamba kwa njia yake mtu angeweza kuwa mwimbaji kamili kwa mwaka mmoja, au ikizidi sana miaka miwili. Wenzake hawakufurahi. Wivu ulimtoa Pomposa, naye akapokelewa na askofu Teodaldo wa Arezzo, ambaye alimwandikia kitabu chake kiitwacho Micrologus, yapata mwaka 1026. Habari zikamfikia Baba Mtakatifu Yohane XIX, akamwita Roma. Guido mwenyewe anasimulia katika barua kwa rafiki yake, mmonaki Mikaeli, jinsi Papa alivyokipekua kile kitabu cha antifona kama mtu anayetazama ajabu, na hakuinuka kitini mpaka alipokuwa amejifunza kuimba mstari mmoja ambao hakuwahi kuusikia. Papa mzima, akijifunza kuimba kama mtoto wa katekesi! Guido hakukaa Roma. Joto na unyevu wa kiangazi ulimshinda kwa homa. Wakazi wa Mbagala tunaoijua Machi tutamwelewa.

Nilimpelekea mwalimu wa kwaya habari hizi. Akasoma, akanirudishia karatasi, akasema: "Huyo alifundisha wamonaki, Baba. Hawakuwa na biashara ya mitumba." Nikakubali kwamba hilo ni jibu.

Lakini historia haikuishia kwa wamonaki, na hapa inatubidi tutoke kidogo nje ya uzio wetu wa Kikatoliki. Karatasi ambazo wanakwaya wetu wanazishika kila Jumamosi, zile zenye herufi d, r, m, f, s, l, t, na nukta mbili kati ya pigo na pigo, hazikutoka moja kwa moja kwa Guido. Zimetoka kwa mwanamke mmoja Mwanglikana wa mji wa Norwich, Uingereza, aliyeitwa Sarah Glover. Alizaliwa mwaka 1786, akafundisha watoto wa shule ya Dominika kuimba kwa kutumia herufi badala ya mistari. Mwaka 1835 alichapisha njia yake katika kitabu ambacho jina lake lasema kwamba ni mpango wa kuufanya uimbaji wa zaburi kuwa wa kusanyiko zima. Si wa kwaya. Wa kusanyiko zima. Bibi yule wa Charambe angelimkumbatia. Ni Sarah Glover aliyeibadilisha si kuwa te, ili isigongane na so, kila sauti iwe na herufi yake. Ndiyo sababu wanakwaya wetu huandika t.

Mchungaji wa madhehebu huru, John Curwen, aliyezaliwa mwaka 1816, alipewa kazi mwaka 1841 ya kutafuta njia nyepesi na ya gharama ndogo ya kufundisha uimbaji katika shule za Dominika. Yeye mwenyewe hakuwa mwanamuziki, jambo linalonipa faraja isiyo kifani. Akaichukua njia ya Glover, akaitengeneza, akaieneza. Siri yake kubwa ilikuwa bei. Mistari mitano na vichwa vyake vya nota vilihitaji mchapaji maalumu. Herufi na nukta zilichapwa na mtambo wowote uliochapa gazeti. Tena do yake inahama. Mwalimu akisema do ni G au do ni F, mwimbaji habadilishi chochote kichwani. Anapanda ngazi ileile kutoka mahali papya. Wamisionari wakaibeba njia hiyo hadi Madagaska, Afrika Kusini na kwingineko barani, mahali ambapo palikuwa na chaki na ubao lakini hapakuwa na kinanda.

Huko Afrika Kusini mwaka 1897, mwalimu mmoja wa shule ya Wamethodisti, Enoch Sontonga, alitunga wimbo wa kuiombea Afrika baraka, akauandika kwa herufi hizohizo za Glover na Curwen. Tuni yake tuliichukua mwaka 1961 kuwa wimbo wa Taifa. Mtanzania anayesimama wima uwanjani na kuimba wimbo wa Taifa anaimba tuni iliyozaliwa kwa herufi za sol-fa. Niliposema hayo katika mahubiri ya Dominika moja ya Februari, ndipo kwa mara ya kwanza niliona wanaume wa viti vya nyuma wakiinua vichwa.

Kwa upande wetu Wakatoliki wa pwani hii, mwanzo ulikuwa wa namna nyingine. Wamisionari wa Roho Mtakatifu waliofika Zanzibar mwaka 1863 na Bagamoyo mwaka 1868 walileta tarumbeta. Mwandishi Stanley alipopita Bagamoyo mwaka 1871, akijiandaa kwenda kumtafuta Livingstone, alikaribishwa misheni, na jioni akapigiwa muziki na bendi ya vijana 20 wenye vyombo vya shaba, ambao pia waliimba nyimbo za Paris za kuusifu ushujaa wa Ufaransa. Stanley alistaajabu, na maneno aliyoyaandika juu ya vijana wale na mama zao hayapendezi kurudiwa. Mimi nami nastaajabu, kwa sababu nyingine. Misheni ile ilikusanya watoto waliokombolewa utumwani. Walipewa tarumbeta na wakazimudu. Hilo ni sifa kwa walimu na sifa kubwa zaidi kwa watoto. Lakini mtoto aliyeondolewa kwa mama yake huko bara, akauzwa, akakombolewa, kisha akafundishwa kuimba ushujaa wa Wafaransa: nyimbo alizobembelezewa na mama yake zilikwenda wapi?

Swali hilo lilingoja karibu miaka 90. Mwaka 1958, huko Kamina, Katanga, padre Mfransisko Guido Haazen kutoka Ubelgiji, pamoja na waimbaji wake Wakongo, waliadhimisha Misa kwa mtindo wa nyimbo za huko, ile iliyojulikana duniani kwa jina la Missa Luba. Mwaka uliofuata, 1959, padre wetu wa kusini, Stephen Mbunga, akatoa Misa Baba Yetu. Naomba msomaji aiangalie tarehe hiyo. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulikuwa haujafunguliwa. Hati juu ya Liturujia ilitangazwa tarehe 4 Desemba 1963. Mwaka huohuo wa 1963 Padre Mbunga alichapisha huko Uswisi kitabu cha Kiingereza juu ya sheria za Kanisa na muziki wa Kibantu, akionyesha kwamba sheria ya Kanisa haikuwa ukuta dhidi ya ngoma zetu kama wengi walivyodhani. Hakutupa sheria, aliisoma vizuri kuliko waliomkatalia wenzake kwa kuitaja. Sisi tuliosoma seminari tunajua ni kazi ngumu kiasi gani.

Hati ile ya mwaka 1963, katika namba 119, inaagiza kwamba muziki wa mataifa upewe heshima yake na mahali pake katika ibada. Jambo hili tumelishika kwa mikono miwili, na leo kigoma na kayamba havimshangazi mtu. Lakini namba 114 ya hati hiyohiyo inawaagiza maaskofu na wachungaji wahakikishe kwamba kusanyiko zima la waamini linashiriki. Na maelekezo juu ya muziki mtakatifu ya tarehe 5 Machi 1967, namba 16, yanakataza waziwazi desturi ya kuiachia kwaya peke yake nyimbo zote za Misa, zile zibadilikazo na zile zisizobadilika, huku waamini wakiwa wametengwa kabisa. Nilisoma namba hiyo seminarini. Nilijibu swali lake kwenye mtihani. Kisha nikawa paroko, nikaisahau kwa sababu kwaya iliimba vizuri, na Misa ilikwisha kwa wakati.

Niwarudishe sasa Mbagala. Tulianza kwa mchezo. Watoto wa Utoto Mtakatifu walichora mikono yao kwenye karatasi za manila, wakaandika majina ya sauti juu ya vifundo vya vidole. Njia hii ya kutumia mkono kama ubao wa nota inaitwa Mkono wa Guido, ingawa katika maandishi yake yaliyobaki haimo. Walipaka rangi walizotaka wao. Nilipoitundika mikono ile ukutani, nyekundu, buluu na manjano, na mmoja wenye vidole sita, nilikumbuka Nyumba ya Sanaa, iliyoanzishwa hapa Dar es Salaam mwaka 1972 na Sista Jean Pruitt wa Maryknoll, mahali ambapo George Lilanga alifanya kazi kabla jina lake halijavuka bahari. Sista yule aliamini kwamba kijana asiye na ajira akipewa rangi na mahali pa kukaa, kitu kitatokea. Sisi tulikuwa na manila za shilingi chache tu, na kitu kikatokea: wazazi walikuja kutafuta mikono ya watoto wao, na walipokuwa wakiitafuta, walisoma nota.

Mapigo hayakutusumbua. Mtoto aliyekulia penye mdundiko, mchiriku na singeli hahitaji kufundishwa mapigo na paroko. Kazi ilikuwa fa na te, ambazo wazee waliziruka kama madimbwi ya mvua.

Wimbo wa kwanza ulichukua wiki sita badala ya nne. Wa pili ulichukua wiki tatu. Katika Kwaresima tulipoteza watu wengi. Mwezi Mei kukawa na ugomvi, tena si mdogo: wanakwaya wengine walilalamika kwamba wamefanya mazoezi miezi miwili na nimewanyang'anya wimbo wa kuanzia Misa ili waamini "wajifunze kubweka". Neno hilo lilinifikia. Niliita kikao, na nakiri kwamba nililijibu kwa ukali kuliko ilivyofaa, nikiwasomea namba 16 kama hakimu anayesoma hukumu. Mama mmoja wa sauti ya pili aliondoka huku akilia. Ameimba kwa miaka 19, kabla mimi sijafika hapa, na ndiye aliyeshona vitambaa vya altare tunavyovitumia. Nilimfuata nyumbani kwake baada ya siku tatu. Hakunilaumu. Aliniuliza tu: "Kama sisi si wa kuimba, Baba, ni wa nini?" Tukakubaliana yeye awe mwalimu wa kundi la wanawake wa asubuhi, wale wasio na nafasi jioni. Kundi hilo ndilo linalosoma nota vizuri kuliko yote.

Na Mbiu ya Pasaka? Nilifundishwa na kijana wa kidato cha tatu, kwa kinanda kidogo cha Casio, jioni baada ya jioni, naye alikuwa na subira isiyo ya kawaida kwa umri wake. Usiku wa Vijilia nilisimama mbele ya mshumaa, nikaanza juu mno. Kufikia katikati sauti ilikwama, nikanyamaza, nikaanza tena chini zaidi. Nilisikia mtu akicheka karibu na mlango mkubwa, kisha akanyamazishwa. Niliimba hadi mwisho. Waamini walipoitikia Amina, waliitikia kwa sauti kubwa, wala sijui kama ilikuwa kwa ajili ya Ufufuko au kwa kunihurumia.

Mwaka ulipokwisha tulikuwa na nyimbo 7, si 12. Mwalimu wa kwaya alinikumbusha hesabu hiyo kwa upole ambao ulikuwa na chumvi kidogo. Nikamjibu kwa habari ya Johann Sebastian Bach. Yeye alikuwa Mlutheri, lakini wapiga vinanda wetu wote wanamla matunda. Bach aliandaa daftari la tuni za kinanda za mwaka wa Kanisa, kuanzia Majilio, akaandika vichwa vya tenzi 164, kila kimoja na ukurasa wake. Alizimaliza 46. Kurasa nyingi zilibaki na kichwa juu na utupu chini, na daftari hilo limehifadhiwa hadi leo. Mwalimu akafikiri kidogo, akasema: "Lakini yeye alikuwa Bach." Hapo tena sikuwa na jibu.

Mwaka huu hatukubadilisha lengo. Tunaendelea na nyimbo 5 zilizobaki, na bibi wa Charambe ameomba mmoja uwe wa Mtakatifu Yohane Mbatizaji, uwe tayari kwa tarehe 24 Juni. Mwalimu mstaafu amefika kituo cha tisa cha Njia yake ya Msalaba. Michoro iko ofisini kwa anayetaka kuiona. Mazoezi ya wimbo wa nane yataanza Jumamosi hii saa kumi jioni, kundi la asubuhi saa tatu. Do ni F. Asiye na nakala aje na daftari na kalamu, ataandika ubaoni pamoja nami.

Paroko wenu.